Kofia ya Mnyoo na Kichwa cha Mzee Asukulu

Vijana wangu wa maabara,

Siku mliyoniaga mlinivalisha kofia mpya ya kahawia, nami badala ya kusema asante nikapapasa kichwa kwa mikono miwili, kisha nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mke wangu alinivuta koti. Mmoja wenu, sitamtaja, alinong'ona kwamba mzee amestaafishwa wakati wake hasa. Kwa kuwa sasa Bwana amenijalia muda mwingi na mguu mmoja unaouma, nimekaa hapa Kasenga mbele ya nyumba yangu niwaeleze nilichokicheka. Juu ya vyeo sitaandika. Juu ya mishahara ya serikali habari ni fupi mno, haistahili kupotezewa karatasi. Nitaandika juu ya mnyoo.

Niliingia kituo chetu cha utafiti cha Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, nikitoka shule ya misheni, ambako nilikuwa nimejifunza kusoma, kuimba sauti ya tatu na kuogopa uchafu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vioo, vile vyombo vya kulelea viumbe. Nilinyoosha mkono kutafuta sabuni, na sauti ikanijia kutoka nyuma.

"Weye! Unataka kuua watu?"

Huyo alikuwa Mzee Asukulu, mvuvi wa Makobola aliyeajiriwa kuongoza mtumbwi na kutafuta viumbe chini ya mawe. Hakuwa mzee bado. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kofia yake. Ilikuwa kofia ya kizungu, ya kahawia, ukingo wake umeliwa na panya upande mmoja, naye hakuivua ila kanisani na mbele ya mikroskopi, maana ukingo uligonga bomba. Wakati huo aliitundika kwenye msumari karibu na mlango. Mtu akitaka kujua kama Asukulu yuko ndani, aliangalia msumari.

Akanifundisha kwamba sabuni, hata chembe iliyobaki kwenye kona ya kioo, huua kiumbe kidogo cha maji kabla hujamaliza kusema amina. Vyombo vyetu vilioshwa kwa maji ya ziwa na majivu safi, vikasuuzwa tena na tena, vikaanikwa juani. Nilipomweleza mama yangu kwamba Wazungu wanaosha vyombo bila sabuni, alisikitika kwa ajili ya Ulaya nzima.

Asukulu alikuwa Mkatoliki, mimi Mprotestanti. Tulisameheana kila asubuhi na kuanza kazi.

Chombo chetu kikuu kilikuwa mrija wa kioo. Unaweka ncha moja karibu na kiumbe, nyingine mdomoni, unavuta pumzi kidogo tu, mnyoo anapanda ndani ya mrija, unaziba kwa kidole. Nyinyi mna mipira ya kufinya, mshukuruni Mungu. Kila mtu wa zamani aliyeifanya kazi hii amemeza mnyoo. Anayekana, ama anasema uongo ama hakufanya kazi. Mimi nilimeza wangu katika juma la kwanza. Nikasimama nimeshika tumbo, nikimwaza nabii Yona, ila kwetu mambo yalikuwa yamepinduka.

"Sasa uko muntu wa kazi," alisema Asukulu. "Ukisikia anatembea, utaniambia."

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mmoja mwembamba tuliyemwita Dokta, ingawa hakutibu mtu. Alipendezwa na mnyoo ambaye wengi wenu mnamfahamu: mnyoo-utepe, mwembamba kama uzi wa kushonea, rangi ya chai ya maziwa, ana macho madogo meusi kichwani, na kwenye paji la uso ana mrija uliofichwa anaourusha kukamata chakula, kama kinyonga anavyorusha ulimi. Kumpata ni rahisi kwa mwenye subira. Chukua majani ya maji pale mto unapoingia ziwani, yaweke katika beseni, yaache mpaka maji yaanze kunuka. Hewa ikipungua, mnyoo mwenyewe anapanda juu ukingoni, kama mwenye dhambi anayetoka mbele wimbo wa mwisho unapoimbwa. Tulimlisha minyoo midogo ya matope, tukambadilishia nusu ya maji, nusu ya zamani ikabaki, na kioo tukakifunika kitambaa kibichi ili kisipate joto.

Swali la Dokta lilikuwa moja tu. Baharini, alisema, wako minyoo wa ukoo huu ambao mtoto wao hafanani nao hata kidogo. Anatoka katika yai akiwa kama kofia inayoelea, yenye masikio mawili ya kuning'inia na kishungi cha nywele utosini. Ndani ya kofia hiyo mnyoo wa kweli anajengeka vipande vipande, kama fundi anavyounga viraka, na siku vipande vinapokutana, mnyoo anatoka, na kwa kawaida anaila kofia yote. Hapana kaburi, hapana matanga. Je, mnyoo wa Tanganyika naye anavaa kofia? Ziwa letu lina konokono wenye sura ya bahari, na lina ule ute wa duara, mwangavu kama kioo, unaoelea kama mwavuli mdogo, ambao jamaa zake wengi wako baharini. Zamani kulikuwa na wasomi waliodhani ziwa hili lilikuwa bahari. Dokta mwenyewe alisema uwezekano wa kofia ni mdogo sana, kwa kuwa minyoo-utepe wa maji yasiyo na chumvi anaowajua huzaliwa kichwa wazi. Lakini huyu wetu hakuna aliyekuwa ameyaona mayai yake, na Dokta alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua, ambao kwinini haiutibu.

Uhuru ukatukuta bado hatujaliona yai. Asubuhi ile tulicheza na kuimba mjini, na tuliporudi kituoni tukakuta vioo vyote vitupu, vimepangwa vizuri, vimesuuzwa. Mateso, mlinzi wetu, ambaye kwetu huitwa zamu, alikuwa amesimama mlangoni amevaa shati jeupe.

"Mateso, minyoo iko wapi?" Dokta aliuliza.

"Nimewapa uhuru, Dokta. Tangu leo hakuna mufungwa mu Kongo. Walikuwa mu chupa siku zote, na hakuna makosa walifanya."

Dokta aliinua kioo kitupu, akakitazama juani. Ni Asukulu aliyemshika Mateso mkono.

"Ndugu yangu, ulifikiri vizuri sana. Kesho utakuja na sisi mu maji, utawaambia warudie."

Na kweli Mateso alikwenda nasi, akasimama ndani ya matope mpaka kiunoni, akachuma majani kwa aibu, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa hodari kama yeye kupata minyoo. Bwana huwatumia watu wa kila namna.

Dokta alikwenda kwao kwa muda, akarudi. Ndipo Pasta Zakaria, mchungaji wetu wa Kasenga, alipokuja kututembelea, apate kujua kama kazi yangu inamfaa Mkristo. Pasta alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye kutoka jasho, na leso yake nyeupe ilijulikana kuliko jina lake. Dokta kwa heshima akamwonyesha picha ya kofia ya baharini katika kitabu. Pasta aliitazama picha ile kama Musa alivyotazama kile kijiti kilichowaka moto.

"Mtu wa kale," alisema polepole. "Ndani yake mtu mpya. Na mtu mpya anamumaliza mtu wa kale!"

"Ni mnyoo wa baharini, Pasta," Dokta alimkumbusha.

"Ndiyo, ndiyo," alisema Pasta, na neno la baharini likaanguka sakafuni hapohapo, hakuliokota.

Jumapili iliyofuata alihubiri mnyoo. Nimesikia mahubiri mengi, na nitasikia mengine Bwana akipenda, lakini sijasikia tena wanawake wakipiga vigelegele kwa ajili ya mnyoo. Ilipofika sokoni, habari ilikuwa kwamba mnyoo wa Uvira anazaliwa na kofia. Ilipofika Makobola, kofia ilikuwa nyekundu. Mtu mmoja aliyeteremka kutoka milima ya Rurambo kuuza siagi aliniuliza kwa adabu kama mnyoo anaivua anapoingia kanisani.

Kisha yakaja maasi. Sitasimulia yote, yako ambayo namwachia Mungu ayakumbuke kwa niaba yangu. Waasi walipokaribia, Dokta alifunga sanduku moja, na Asukulu akampeleka ng'ambo, upande wa Burundi, kwa mtumbwi. Sisi tulidhani hatutamwona Asukulu tena, na hatukumlaumu. Siku chache baadaye nikaona kofia kwenye msumari. Alikuwa ameinama juu ya vioo, akigusa kitambaa kwa mgongo wa mkono kupima ubaridi.

"Umerudi?" nilishangaa.

"Nani angewalisha? Weye unawapa matope mengi kupita." Halafu akaninong'oneza, "Yeremia, kuja uone. Huyu mukubwa ametaga."

Ilikuwa kweli. Mnyoo alikuwa amejitengenezea mfuko mrefu wa ute, akaacha mayai ndani yake, akatoka taratibu kama mtu anayevua shati lililombana. Mayai yetu ya kwanza, baada ya miaka yote ile! Tulitamani kumwita Dokta, na Dokta yuko nchi nyingine.

Waasi waliingia mjini bila kutuuliza. Waliokuja kituoni waliongozwa na kijana mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa anaitwa Komanda. Alivaa koti refu la mvua katika jua lile, na kabla ya kusema lolote aliwaambia wapiganaji wake wasimame wima. Wapiganaji walikuwa wamenyunyiziwa dawa ya vita, nayo ilikuwa na miiko mingi. Mmojawapo ni kutoguswa na maji mengine. Fikirini basi hali yao katika chumba kilichojaa vioo vya maji. Waliingia kama paka, mikono imebanwa mbavuni, na Mateso alipokung'uta kitambaa kibichi, watatu walikuwa nje tayari.

Komanda aliketi kwenye kiti cha Dokta.

"Swali la kwanza. Nani alivusha Muzungu?"

"Ni minye," Asukulu alijibu.

"Ukafika ngambo?"

"Nilifika."

"Kule kuko vita?"

"Hapana."

"Kuko chakula?"

"Iko mingi."

"Na ukarudia huku, mu vita. Juu ya nini?"

"Juu ya minyoo, Komanda."

Wapiganaji walicheka mpaka wakasahau kusimama wima. Komanda hakucheka.

"Minye nilikuwa mwalimu," alisema. "Watoto wamenidanganya sana. Bibi ya mumoja alikufa kila muhula. Mbuzi walikula vitabu. Lakini ya minyoo sijasikia bado. Muzee, weye uko mupelelezi. Muzungu amekurudisha uhesabu bunduki zetu."

Waliokuwa wakiitwa wapelelezi walipelekwa nyuma ya soko, na hatukuwaona tena. Hapo mmoja wa wapiganaji, kijana wa mjini kwetu, akajikaza.

"Komanda, ya minyoo iko kweli. Mama yangu alisikia kanisani. Mnyoo wa hapa anazaliwa na kofia."

"Kofia?"

"Kofia, na masikio yake."

"Komanda," nilisema, "hiyo kofia ni ya minyoo wa bahari. Huyu wa ziwa hatujui bado. Mayai ndiyo haya."

"Hamujui?"

"Hatujui. Kujua ndiyo kazi yenyewe."

Akatutazama kwa zamu kama mwalimu mwenye madaftari mawili yanayofanana. Kisha akatoa hukumu. Mayai yakianguliwa, yeye mwenyewe atakuja kutazama. Akiona kofia, ataamini kwamba kazi ilikuwa kazi, na Mzee Asukulu atakwenda nyumbani. Asipoiona, Mzee Asukulu atakwenda nyuma ya soko. Akamfungia katika ghala la nyavu, palepale kituoni, akaweka mpiganaji mlangoni, mbali kidogo na ndoo. Kofia yake ikabaki kwenye msumari.

Vijana wangu, nimeomba maombi mengi maishani. Nimeombea wagonjwa, mvua, mitihani ya watoto. Sijawahi kuomba kwa bidii kama wakati ule, nikimsihi Muumba wa mbingu na nchi amvalishe mnyoo kofia. Nilijua ninaomba nini. Yai lilikuwa limekwisha kuwa lilivyo, nami nilikuwa ninamwomba Bwana arudi nyuma kidogo katika siku za uumbaji. Lakini nilimwomba.

Asukulu yeye hakuuliza habari za shingo yake. Aliniita kupitia ubao wa mlango.

"Maji umebadilisha?"

"Nusu, baba."

"Kitambaa?"

"Kibichi."

"Wanageuka mu mayai?"

"Wanageuka."

"Vizuri. Ambia Mateso asiimbe karibu yao. Sauti yake inachafua maji."

Mayai yalipokuwa karibu kupasuka, Mateso akarudi kutoka ziwani amebeba sufuria ya kupikia ugali, ameifunika kwa sahani. Pasta Zakaria alikuwa amekuja kutuombea. Mateso akafunua. Ndani ya maji ulikuwa ukielea mwavuli mmoja wa ziwa, ule ute wa duara niliowatajia, mdogo kama sarafu, ukijikunja na kujikunjua.

"Sasa muniambie," alisema Mateso. "Hii iko kofia ao haiko kofia? Tunaitia chini ya kioo. Komanda anaona. Muzee anaenda kwake. Kwisha."

Nilitazama. Kwa kweli ilikuwa kofia nzuri. Nilimtazama Pasta nikitegemea akemee, lakini Pasta alikuwa akitokwa na jasho.

"Rahabu," alisema bila kututazama. "Rahabu wa Yeriko alificha wapelelezi, akasema hajui wamekwenda wapi. Na ametajwa vizuri mu Waebrania."

"Pasta, huyu wetu si mpelelezi," nilisema.

"Njo hapo shida iko. Kama angekuwa mupelelezi, andiko lingekaa sawa kabisa."

Kutoka ghalani sauti ikauliza, "Yeremia, wanakuonyesha nini?"

"Mwavuli, baba."

Mpiganaji wa mlangoni, ambaye alisikia kila neno, alikuwa akitazama dari kwa makini kama kiziwi.

"Shingo iko ya nani?" Asukulu aliuliza.

"Ya kwako, baba."

"Basi niacheni niseme. Nimetafuta mutoto wa huyu mnyoo tangu Dokta alinipa kazi. Nimeacha ngambo, nimeacha samaki, nimerudia. Siku anazaliwa, mutaweka mwavuli pa nafasi yake? Hapana. Kama ananiua, aniue kwa kitu yenye iko kweli. Mateso, rudisha ile kitu mu maji. Na Pasta, aksanti ya Rahabu."

Pasta alikunja leso yake mara kadhaa. "Nilikuwa ninapima imani yenu tu," alisema, akatoka nje kupata hewa.

Asubuhi iliyofuata mayai yalipopasuka, Komanda aliitwa. Pasta naye alifika, na kwa kuwa imani yake ilikuwa imerudi pamoja na usingizi, alikuja na kwaya nzima. Aliipanga chini ya dirisha na kuiagiza: kofia ikionekana, atainua leso, nao waimbe haleluya.

Niligeuza kioo cha mikroskopi kipokee jua. Kwanza nilitazama mimi. Mfuko wa ute ulikuwa umeraruka, na kutoka humo kiumbe kimoja kikateleza polepole, kimefunikwa vinyweleo vinavyotetemeka, kinaonja maji kwa kichwa, kulia, kushoto. Kilikuwa na macho. Kilikuwa na mwili mmoja mrefu, laini. Kilikuwa mnyoo, vijana wangu, mnyoo mzima tangu mwanzo, kichwa wazi. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile, wala kilichonihuzunisha namna ile.

Komanda aliketi, akaziba jicho moja kwa kiganja, akatazama kwa muda mrefu. Mateso alikuwa amejishika kwenye meza.

"Ninaona mnyoo mudogo," alisema Komanda.

"Ndiyo."

"Kofia iko wapi?"

Nilimwomba Bwana sauti. "Haiko, Komanda. Huyu wetu hana kofia."

Dirishani Pasta Zakaria, ambaye alisikia jibu hilo na kuona uso wa Komanda, alitokwa na jasho jingi kupita siku zote. Akatoa leso ajifute. Kwaya ikalipuka: haleluya, sauti zote nne, na ngoma. Wapiganaji wakajitupa chini wakidhani wamevamiwa. Mmoja akaangukia ndoo, maji yakammwagikia mpaka shingoni, akaanza kulia kwamba dawa yake imekufa. Pasta alikuwa akipunga leso kuwanyamazisha, nao kadiri alivyoipunga ndivyo walivyopandisha sauti. Katika kelele zile zote Komanda alikaa bila kutikisika, jicho lake kwenye mikroskopi. Ubeti wa tatu ulipokwisha ndipo aliponyanyuka.

"Swali la mwisho. Zamu, jana ulitoa nini mu ziwa, mu sufuria?"

Mateso aliiachia meza. "Mwavuli, Komanda."

"Uko wapi?"

"Niliurudisha."

"Nani alisema urudishe?"

Mateso alinyoosha kidole kuelekea mlango wa ghala.

Komanda alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja.

"Minye nilizaliwa kando ya hili ziwa," alisema. "Nilicheza na ile miavuli mbele ya kujua kusoma. Jana watu wangu wenye kulinda ziwa waliponiambia habari ya sufuria, nilisema: sawa, kesho wataniwekea mwavuli, na minye nitajua. Nilikuja hapa tayari." Akaonyesha uani; kweli watu wawili wenye kamba walikuwa wakingoja. "Mupelelezi angenionyesha kofia. Mutoeni muzee."

Asukulu akatolewa, nywele zimejaa nyuzi za nyavu. Komanda alimtazama. Walimu hawajafundishwa kuomba radhi, na makomanda vivyo hivyo. Macho yake yakaangukia msumari.

"Sasa kuko shida moja," alisema. "Nimeambia watu wangu wote tunaenda kuona kofia. Siwezi kurudia mbele yao mikono mitupu."

Akaitungua kofia ya Asukulu, akapuliza vumbi, akaivaa, upande ulioliwa na panya ukiwa mbele, akaondoka na wapiganaji wake, mmoja wao akidondosha maji. Hatukumwona tena, wala kofia. Popote walipo, Bwana awahurumie wote wawili.

Asukulu akatoka mpaka uani, akasimama juani. Alinyanyua mikono miwili, akapapasa kichwa chake chote, utosini, kisogoni, masikioni, bila haraka, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Kofia imeenda," alisema. "Kichwa iko."

Ndipo akarudi ndani kumtazama mtoto. Alikaa kwenye mikroskopi mpaka kwaya ikachoka na kwenda nyumbani.

"Anafanana na baba yake," alisema mwishowe.

"Mzee, huyu baba na mama ni mmoja. Dokta alisema ana viungo vyote viwili."

"Basi anafanana na wote wawili. Iko mutoto wa heshima."

Jumapili ile Pasta Zakaria alihubiri juu ya Danieli, ambaye ndani ya habari zake hamna mnyoo. Vita vilipopoa, Dokta alirudi, na kabla hajaweka sanduku chini akauliza juu ya kofia. Asukulu alimwambia kwamba ya mnyoo haikuwako, ila ya kwake ndiyo iliyokwenda. Dokta alisikitika kwa muda wa chai moja, kisha akaketi kuwatazama wajukuu wa mnyoo yule, ambao tulikuwa tumewalea, akafurahi kama mtoto. Baadaye akamletea Asukulu kofia mpya kutoka kwao. Ilimbana. Kuku wa Makobola walitagia humo miaka mingi, naye akaendelea kufanya kazi kichwa wazi mpaka Bwana alipomwita, usingizini, amezungukwa na watoto wake. Msumari tuliuacha. Ndio ule mnaotundikia funguo.

Basi sasa mmejua. Kofia yenu ni nzuri, inanikaa vema, na mke wangu anasema inanifanya nionekane mtu aliyefanya kazi. Nawashukuru. Siku ile mliponiona ninapapasa kichwa kwa mikono miwili, mlidhani ninapima kama inanitosha. Nilikuwa ninahakikisha kwamba, chini yake, kichwa kiko.